Kingamwili Iliganda, Nikaandika Nne

Umeme ulikatika Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya maabara nikiitazama saa ya ukutani, nangoja ifike kumi na nusu nisome kipimajoto, niandike, nifunge mlango nirudi zangu nyumbani Kizota. Mara jokofu likatetemeka kidogo, likanyamaza. Feni ikajizungusha mara chache za mwisho. Nikabaki nasikia upepo wa Agosti ukirusha mchanga kwenye vioo vya dirisha.

Nilikuwa peke yangu, na sikutakiwa kuwa pale. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilikuwa na sare ya shule mwilini. Aliyetakiwa kuwa pale ni mama.

Mama alikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali ya hapa Dodoma: anaosha vioo na chupa, anachemsha vifaa, anasoma vipimajoto asubuhi na jioni. Ijumaa ile mchana mtu aliyeshuka kwenye basi la Mpwapwa alikuja kumwambia kwamba baba anatapika damu. Baba alipunguzwa kazi reli mwaka uliotangulia, akarudi kwao Gulwe, huko Mpwapwa, kulima. Kwa kawaida mama angeomba ruhusa. Lakini wiki zile hakuna mhudumu aliyethubutu kuomba hata ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa inaandikwa, na kila mtu alitaka aonekane yupo, anadeki, anasalimia wakubwa. Basi aliningoja nitoke shule, akanivutia nyuma ya stoo, akanipa funguo mbili zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Huu wa maabara. Huu wa chumba cha chanjo, sista kaniachia mpaka Jumatatu, kaenda Hombolo kwa mume wake. Unasoma asubuhi na jioni, unaandika kama siku zote. Umeme ukikatika, kile kichupa cha daktari kitie kwenye kiboksi cha barafu, kipeleke kwenye jokofu la chanjo. Na wewe hujaniona nikiondoka."

"Nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza wewe? Hata ukiulizwa hujibu."

Hakusema kwa ubaya. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nasimama, na jibu linakaa palepale tumboni mpaka mwalimu anachoka. Sista wa chanjo aliniita Bubu, na mama akamwita Mama Bubu, na mimi nilicheka kama wengine maana kucheka hakuhitaji maneno.

Kuandika "kama siku zote" pia ilikuwa kweli. Tangu nikiwa darasa la sita nilikuwa namjazia mama chati zake. Yeye aliishia la saba na aliona haya kwa herufi zake, kwa hiyo nilijifunza kuandika zake zikiwa zimenyooka kidogo, na sahihi yake naipiga mpaka leo bila kufikiri.

Sasa nieleze kichupa. Kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kimezungushiwa karatasi ya kung'aa kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, kwa sababu hakikutakiwa kuona mwanga. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo tu. Kilikuwa mali ya daktari mmoja mwanamke, mtafiti kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwetu kuchunguza vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi. Kile kichupa kilitoka ng'ambo, na alikingoja muda mrefu, akakikuta uwanja wa ndege kimekwama kwa sababu mtu wa forodha hakujua akiandike kama dawa au kama kemikali.

Siku moja alinikuta mlangoni namngoja mama, akasema, "We mtoto wa sayansi, njoo uchungulie." Nikaweka jicho kwenye hadubini. Niliona rangi ya bluu, na ndani ya bluu madoa ya kahawia.

"Unaona kama kutu?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali. "Chuma kikikaa na hewa kinashika kutu. Seli zako nazo hewa hiyohiyo inaziunguza kutoka ndani. Sasa kuna protini inapita inarekebisha palipoungua. Kwenye uvimbe mwingine iko nyingi mno, kwenye mwingine hamna. Kwa macho huioni. Hii kingamwili ya kwenye kichupa ndiyo inayoijua. Inapita kwenye nyama yote, inaishika hiyo moja tu, inaacha rangi pale iliposhika."

"Inawaponya?" nilimuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

"Hapana," alisema. "Haiponyi mtu. Inanionyesha tu nani mionzi ya Dar itamsaidia na nani itamchosha bure. Na hilo lenyewe bado sina hakika nalo."

Alimpenda mama kwa sababu vioo vyake vilikuwa visafi. Alimuahidi kwamba kipimo kikubwa cha Jumatatu kikienda vizuri, atamwandikia mganga mkuu barua ya kumtaka mama kwenye utafiti kwa miaka miwili. Mhudumu mwenye barua ya utafiti asingeguswa na orodha. Barua ilikuwa tayari imepigwa chapa. Ilibaki sahihi tu. Mama aliniambia hayo akichambua mchicha, akachambua na majani mazuri akayatupa.

Basi umeme ulipokatika, nilijua nimeshika nini.

Nilikitia kichupa kwenye kiboksi cha barafu, nikavuka uwanja na vumbi lote lile, nikafungua chumba cha chanjo. Jokofu la huko ni la mafuta ya taa, lina utambi chini kama wa jiko, na moto wa bluu unaouona kwenye kioo kidogo. Halijali umeme. Sista ana kawaida yake: kila Ijumaa kabla ya kuondoka anajaza mafuta na kuupandisha moto, ili baridi isipungue wakati hayupo. Katikati ya wiki, mlango unafunguliwa kila saa, kwa hiyo moto ule haudhuru; mlango ukikaa umefungwa ndipo unagandisha. Mimi nilikuwa namwona akiupandisha, nikadhani ni kama kuongeza kuni.

Utaratibu wa rafu niliujua pia. Likizo zote nilishinda pale nikimsaidia kupanga. Chanjo ya polio, iliyo dhaifu kuliko zote mbele ya joto, inakaa juu, imegusana na barafu. Pepopunda inakaa chini. Polio juu, pepopunda chini, hata usingizini ningesema. Lakini kingamwili hakuna aliyewahi kuniambia inakaa wapi. Maandishi yake yalikuwa chini ya ile karatasi ya kung'aa, na nilionywa nisiifungue. Nikafikiri kwa akili yangu: hii ndiyo yenye thamani kuliko vyote humu, imetoka mbali, Dodoma ina joto. Nikaiweka juu kabisa, nikaisukuma mpaka ikaegemea barafu. Nikatoka najisifu.

Jumamosi asubuhi nilifungua nikakuta ukungu mweupe umejaa mlangoni kama unga. Kipimajoto kilisoma mbili chini ya sifuri. Nilikigonga kwa ukucha. Mbili chini ya sifuri. Nikachukua kichupa, nikakiinamisha sikioni. Hakikuwa na kitu kinachotembea ndani.

Sikulia. Niliinama nikashusha moto. Kisha nikakiweka kichupa kwapani, ndani ya gauni, nikakaa sakafuni nimekibana. Kilikuwa baridi mpaka kikauma. Nilikaa hivyo mpaka nikahisi maji yanacheza. Nikakirudisha, safari hii rafu ya chini, na nilipokuwa nakitafutia nafasi mkono wangu uligusa paketi za pepopunda. Zile za nyuma zilikuwa zimeshikana na ukuta wa jokofu. Niliivuta moja, ikabanduka kwa mlio.

Nikaisukuma irudi. Nikaenda kwenye chati iliyobandikwa mlangoni, nikaandika Jumamosi, asubuhi, nne. Nikapiga sahihi ya mama.

Nimejiuliza sana kwa nini nne. Chati ya sista ilikuwa na mistari miwili myekundu, wa mbili na wa nane, na joto lilitakiwa likae katikati yake. Nne ilionekana namba tulivu. Jioni kipimajoto kilisoma tisa, maana moto niliushusha kupita kiasi. Nikaandika nne tena. Jumapili nilikuwa nimeushika vizuri, kilisoma tano asubuhi na tano jioni, nikaandika tano na tano, na nikajiona mkweli.

Mama alirudi Jumapili hiyo saa kumi na moja jioni, na vumbi la Mpwapwa mpaka kwenye kope. Baba alikuwa hai. Mama aliniuliza kabla hajakaa: "Kuna lolote?"

"Umeme ulikatika Ijumaa. Nilikihamisha."

"Salama?"

"Salama."

Jumatatu nilitoka shule saa tisa, nikapita hospitali ili turudi wote. Daktari alikuwa ameinama kwenye hadubini, na mama amesimama karibu na sinki, mikono yenye povu ameiacha hewani. Daktari alisikia hatua zangu. Hakugeuka.

"Njoo uangalie tena, mwanasayansi."

Nikaweka jicho. Bluu. Nikasogeza kioo kama alivyonifundisha, kushoto, kulia. Bluu tupu, kama anga la kwetu mwezi wa tisa.

"Hicho ni kipande cha uhakika," alisema. "Hicho lazima kishike kahawia. Kila siku kinashika. Nakiweka ili nijue kwamba kingamwili ni nzima. Na vile vingine vyote vya kipimo cha leo nimeshavitumia. Kuna mama mmoja nilibakiwa na kipande chake kimoja tu. Na yeye mwenyewe ameshafariki, siwezi kwenda kumwomba kingine."

Alivua miwani akajifuta macho, si kwa kulia, kwa uchovu. Halafu akamwambia mama kwa upole, na ule upole ndio uliotisha:

"Mama, sigombi. Niambie tu. Ijumaa ulikihamisha saa ngapi?"

Mama alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, na haraka, lakini nadhani aliniona mpaka ndani.

"Nilichelewa, daktari," alisema. "Nilikuwa nimetoka kidogo. Nilipokuja jokofu lilikuwa limeshapata joto."

"Saa ngapi hiyo?"

"Ilishafika saa mbili usiku."

Daktari alihesabu kwa vidole. "Joto la saa chache haliwezi kuiua yote hivi," akasema, kama anayejisemea. "Ningesema iliganda. Hii ina rangi yake imefungwa humo humo, ikiganda na kuyeyuka ndiyo basi."

Hapo ndipo sista wa chanjo alipoingia. Habari zilishamfikia, akaja na chati yake mkononi kulitetea jokofu lake.

"Kwangu haikuganda! Tazama mwenyewe daktari. Tatu, nne, nne, tano, tano. Jokofu langu limeokoka, siku hizi halitendi dhambi!" Akacheka, akanipiga begani na ile chati. "Bubu, shahidi wewe. Si umeona mwandiko wa mama yako? Kama karani wa mahakama!"

Nilicheka. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilicheka.

Daktari alifungua faili lake. Niliiona barua, karatasi nyeupe imekunjwa mara mbili. Aliitoa, akaitazama, akairudisha.

"Ile barua, mama, tungoje kwanza. Keshokutwa narudi Dar na vipande vilivyobaki. Nitaona."

"Sawa, daktari. Asante," mama alisema. Akarudi kuosha vioo, akaviosha vyote mpaka mwisho, vile vilivyoharibika, na kuvipanga kwenye trei vikauke.

Njiani, kwenye gereji za Kizota, kulikuwa na makelele ya nyundo na mashine za kuchomelea, ndiyo maana niliweza kusema. Nilisema yote nikiwa nyuma yake hatua moja. Juu kabisa, barafu, kwapani, nne.

Hakusimama. "Kuiweka juu si kosa lako," alisema. "Hukuambiwa. Mimi ndiye sikukuambia, basi lilikuwa linapiga honi. Ila ile nne."

"Ndiyo, mama."

"Kwa mwandiko wangu."

"Ndiyo."

Tukapita watu wawili wanaonyoosha bodi ya lori. Nikasema, "Mama, na pepopunda?"

"Pepopunda iko chini. Ya chini haigandi."

"Niliishika. Ilikuwa imeshikana na ukuta."

"Nimesema ya chini haigandi!"

Akasimama sasa. Sijawahi kumwona mama akiwa na uso ule, si wa hasira, wa mtu anayebeba ndoo imejaa na kuna mtu anamsukuma.

"Nisikilize. Ukifungua mdomo, swali la kwanza watakalouliza ni ufunguo. Ufunguo wa chanjo nimempa mtoto wa shule, nimeondoka kituoni bila ruhusa, chati imeandikwa uongo kwa sahihi yangu. Hiyo si kupunguzwa, mwanangu. Hiyo ni kufukuzwa. Anayepunguzwa anatoka na barua na kiinua mgongo, hata aanze genge. Anayefukuzwa anatoka na mikono yake. Na baba yako anatakiwa aletwe huku atibiwe. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Umeanza lini kusema sema wewe?"

Nilielewa kweli. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kilichonisumbua ni kwamba kesho yake ilikuwa Jumanne, na Jumanne ni kliniki. Wanawake wajawazito wanakuja kutoka vijijini, wengine wanatembea tangu alfajiri, wanachomwa pepopunda, wanarudi kwao kuzalia nyumbani ambako kitovu kinakatwa kwa wembe uliokuwepo. Likizo ya Desemba nilikuwa nimepita mlango wa chumba kilichozibwa madirisha kwa blanketi. Ndani kulikuwa na mtoto wa siku saba. Mwanga ukimgusa anakakamaa, kwa hiyo mama yake alikaa naye gizani akimkamulia maziwa mdomoni, na taya halifunguki. Mama yangu ndiye aliyenieleza kwamba ile ni pepopunda. Alisema chanjo yenyewe ikishaganda ni kama kuchoma maji. Alikuwa amesahau kwamba aliniambia, au hakuwa amesahau.

Kile kichupa cha daktari, nilijiambia, kiliharibu utafiti. Kinauma, lakini mama alishakilipia kwa barua yake. Ile nne ilikuwa bado inafanya kazi.

Asubuhi ya Jumanne mama alikwenda bombani na ndoo mbili. Nilivaa sare, nikaacha uji bila kunywa, nikatoka kabla hajarudi. Sikwenda shule.

Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye benchi la nje, khanga mabegani, kadi zimefungwa kwenye pindo. "Mbukwenyi," mmoja wao alikuwa anawaamkia kwa Kigogo waliofika baada yake, na wote wakaitikia. Sista alikuwa ndani anapanga sindano kwenye trei. Chupa za pepopunda zilikuwa mezani, nne au tano, hajazifungua.

"Bubu! Leo shule imekushinda?"

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mama yako hajafika bado."

"Haikuwa nne," nilisema.

"Nini?"

"Jumamosi. Haikuwa nne. Ilikuwa mbili chini ya sifuri. Kichupa cha daktari kiliganda. Na hizi," nikanyoosha kidole mezani, "za nyuma zilikuwa zimeshikana na ukuta. Niliibandua moja."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Akachukua chupa moja, akaitikisa kwa nguvu, akaiweka dirishani penye mwanga. Tukaitazama wote. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, halafu chembe zikaanza kuonekana, moja moja, kisha nyingi, zikishuka chini, na maji ya juu yakabaki maangavu, unaona upande wa pili. Ilichukua muda. Nje wanawake walianza kuuliza kama sista anaumwa.

Akazikusanya zile chupa zote kwa kiganja, akazitia kwenye ndoo ya takataka.

"Chati aliandika nani?"

"Mimi."

"Mama yako alikuwa wapi?"

"Gulwe. Baba anatapika damu."

"Wewe uliingiaje humu ndani? Ufunguo ulipewa na nani?"

Benchi lote lilikuwa linatusikiliza. Nilijibu, lakini sauti ilitoka ndogo, na sista akaweka mkono nyuma ya sikio akanisogelea, akauliza tena. Nikarudia kwa sauti, mpaka wa mwisho kwenye benchi akasikia:

"Nilipewa na mama."